Kakangu asema kijana wangu amemsaliti, kisa kazi ya stima

Salaam aleikum Ami. Mie ni mama wa watoto watatu, nakaa Kisauni, nauza mahamri asubuhi na viazi karai jioni, pahali hasa sisemi maana wateja wangu nao wana simu. Nakuandikia kwa ajili ya kijana wangu wa kwanza, ana miaka 20, na kakangu ambaye ni mjomba wake, hawa wawili saa hii hawasalimiani na mie niko katikati kama nyama ya sambusa.

Baba yao alifariki kijana yuko fomu ya pili, na kusema ukweli bila kakangu shule hangemaliza. Karo yake yeye, yunifomu yeye, hata kodi ya nyumba kuna miezi ametusitiri na hakuna aliyejua. Kijana akapata D plain, akakaa nyumbani miezi anaangalia dari, basi jioni moja mjomba wake akaja akamwambia kesho saa kumi na mbili na nusu nikukute stejini, na uvae viatu vya kufunga. Kakangu ni fundi wa stima, zaidi ya miaka 20 apitisha waya kwenye manyumba ya watu, Kisauni, Bamburi, mpaka Mtwapa huko. Chuo hakwenda, alifunzwa na fundi mwengine ambaye ashafariki, na kazi yake watu waisifu. Nyumba ikiisha kuna mzee mmoja wa mjini mwenye leseni, kakangu humpelekea zile karatasi za Kenya Power anapiga saini na muhuri, analipwa 3,000, nyumba yenyewe haji hata kuiona.

Sasa huu ni mwaka na nusu kijana yuko naye. Anampa 300 kwa siku ya nauli na chai, na siku isiyo na kazi haina kitu. Lakini kijana halii pesa Ami, analia kwamba mwaka na nusu yeye ni ngazi na nyundo tu. Kupasua ukuta ni yeye, kuvuta waya ni yeye, kuingia darini na joto lile la saa nane ni yeye, kwa sababu kakangu goti limemharibikia na ngazi hapandi tena kama zamani, ila wakifika kwenye bodi ya fyuzi mjomba wake amwambia hebu nenda kaninunulie maji. Chupa mbili kwa siku, dukani na kurudi, akirudi bodi ishafungwa.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani nikampa hamri akalipokea kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia we mtoto adabu umeiacha wapi, akacheka cheko la uongo, nikamshika ule wa kulia kwa nguvu. Kidole gumba na cha shahada, kila kimoja kina tundu jeupe katikati na pembeni peusi, kama hamri lililoshika chini ya karai. Akaniambia walikuwa wabadilisha soketi flati moja Bamburi, mpangaji akasema tokeni zimeisha tangu asubuhi, mjomba akasema basi hakuna stima wewe endelea, na yule mpangaji mkewe alikuwa ashatumiwa tokeni kwenye simu akaja nazo akaziingiza huku kijana ameshika waya. Nilipomuuliza kakangu alicheka. Akasema mie mwenyewe nimerushwa mara ngapi, ndo ufundi unavyoingia mwilini.

Haya, sasa kuna kampuni moja ya kontrakta Changamwe, wafanya stima za viwanda na magodauni. Wamechukua vijana sita, wanaita aprentishipu, miaka 3, mshahara 17,000 mwaka wa kwanza na kila mwaka unaongezwa, kuna wiki wanapelekwa darasani na kampuni ndio inalipa. Kijana alikwenda interviu kimyakimya, kapita, mwezi ukiingia aripoti. Alipomwambia mjomba wake, Ami, ile siku ilikuwa msiba. Kakangu akasema nimekufunza mimi, nimekulisha mimi, sasa wachukua ujuzi wangu kwenda kuwauzia matajiri. Akasema mkataba wa miaka 3 ni kifungo, ukiutoka wakushtaki, na 17,000 ni pesa gani wakati yeye nyumba moja ya vyumba vitatu analipwa 40,000. Kisha akanigeukia mie akasema kwa sauti ya chini kabisa, na goti langu hili, ngazi atapanda nani. Hilo ndo lililoniumiza. Mamangu naye akapiga simu kutoka Kwale, ati damu haiachwi kwa ajili ya mshahara.

Jirani yangu naye ana lake, asema aachane na wote wawili angoje nafasi ya diploma pale chuoni Tudor awe injinia.

Nataka kujua aende ama abaki? Huo mkataba wamfunga kweli? Mie natakiwa nitie saini? Na kakangu ntamtazama vipi usoni?

Mama Viazi, Kisauni

*

Aleikum salaam binti yangu. Aende. Nimelitanguliza hilo usije ukasoma mpaka chini na roho yadunda, sasa tuzungumze taratibu.

Nianze na kile kidole, maana wewe umekiandika katikati kama jambo la kupita na mimi nimekisoma mara tatu. Kabla sijaketi hapa kuandika nimeshika waya karibu maisha yangu yote, na nna kidole kimoja cha mkono wa kulia ambacho mpaka leo ukikichoma sindano sisikii. Kwa hivyo kuhusu huu usemi wa kurushwa ndo ufundi unaingia mwilini, mimi kuuamini niliacha zamani. Kinachoingia mwilini ni stima. Ilipoingia kidole gumba ikatokea cha shahada kijana wako alikuwa na bahati, njia ilikuwa fupi, ingeingia mkono huu ikatokea mkono ule ingepita kifuani, na saa hii ungekuwa unaniandikia barua nyengine kabisa.

Na sikiliza, tokeni kuisha si kuzima stima. Mita imefunga tu mlango, na ufunguo wa mlango huo ni namba 20 zinazokaa kwenye simu ya mtu mwengine. Stima kupotea mtaa mzima pia si kuzima, inarudi bila kubisha hodi, ama jirani awashe jenereta iliyofungwa vibaya ikusukumie stima kwa nyuma. Kuzima ni kwenda kwenye meni swichi ukaizima kwa mkono wako, ukaifunga kwa kufuli kama ina pahala pa kufuli, ukabandika hata kikaratasi cha kuandikwa kwa kalamu "fundi yuko kazini", ufunguo ukautia mfukoni mwako. Halafu unapima. Na ukipima, kwanza pima pahali unapojua pana stima uone kama kifaa chako kizima, kisha pima pale unapotaka kushika, kisha rudi pima tena pale pa kwanza. Wengi wanaruka hiyo ya kwanza na ya mwisho. Ile testa ya bisibisi yenye kitaa ndani, ya kununua Mwembe Tayari, ikiwaka inakuambia kitu, isipowaka haijakuambia kitu, huenda imekufa yenyewe.

Utaniuliza, kwani breka si ingeruka? Watu wengi wanadhani hivyo. Breka ya soketi ni ya ampea 30 hivi, imewekwa ilinde waya usiungue, wewe haikujui. Moyo wa mtu unavurugwa na kiasi kidogo mno, ndio maana kile kifaa cha kulinda binadamu, ile wanaita RCD, kinakata kwenye miliampea 30, yaani sehemu moja ya elfu ya breka hiyo. Nyumba ngapi Kisauni zinacho? Na sisi hapa jasho halikauki, ngozi ya jasho inaipitisha stima vizuri sana.

Sasa kakako. Sitamsema vibaya, mtu aliyelipa karo ya mtoto wa dadake na kodi akanyamaza nampa heshima yake. Lakini katika barua yako yote mstari ulionifungulia jambo ni ule wa mzee wa mjini na 3,000 zake. Umeuandika kama kawaida, na kweli mjini hapa ni kawaida, si vizuri lakini ni kawaida. Kenya Power hawaleti mita mpaka wapewe cheti kwamba nyumba imefanyiwa kazi na kupimwa na mtu mwenye leseni. Leseni hizo chini ya sheria ya kawi ya 2019 zinatolewa na EPRA, shirika la serikali la kusimamia kawi, zimepangwa kwa ngazi, wa chini C2, halafu C1, B, mpaka A, na kila ngazi ina kiwango cha kazi unachoruhusiwa. Ili uipate unataka vyeti, unataka ushahidi wa kazi ulizofanya na aliyekusimamia, na unapimwa. Kakako baada ya miaka 20 na zaidi hawezi kujisainia nyumba yake mwenyewe. Sasa niambie, atamsainia vipi kijana wako? Ule mwaka na nusu upo kichwani na mabegani mwa mtoto, lakini kwenye karatasi haupo, na hata akikaa naye miaka 10 hautakuwepo, atatoka hapo naye aanze kutafuta mzee wa kumlipa 3,000.

Na kuhusu yale maji. Usiwaze kwamba ni uchoyo, nimeona mafundi wengi wa aina ya kakako, wazuri hasa, ukuta wanaukata umenyooka kama rula, lakini kwenye bodi wanafanya walivyooneshwa zamani na fundi wao na hawana uhakika kwa nini. Hawapendi kijana mwenye macho asimame nyuma yao aulize hii inakwenda wapi. Maji yanakuwa mbali ghafla.

Kule Changamwe anakokwenda, kama ni uanagenzi wa kweli, yaani hiyo aprentishipu, bodi ndio darasa lenyewe. Nasema kama ni wa kweli kwa sababu siku hizi kila mwenye kutaka kijana wa kubeba roli za kebo kwa bei rahisi anaita aprentishipu. Wa kweli una sheria yake, Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, na msimamizi wake ni NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo hayo, wana kituo chao hapa hapa Mombasa. Mkataba unaandikwa na unasajiliwa kwao. Kila mwajiri anatakiwa kutoa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kuingia kwenye mfuko wa mafunzo, na anayefunza vijana anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama, ndio maana kampuni inakubali kumlipia darasa, si sadaka. Kijana aende pale NITA na jina la kampuni, aulize kwa mdomo wake, hawa watu wanajulikana kwenu? Dakika kumi tu. Na akiona kampuni inamwambia alete pesa ya usajili ama ya ovaroli kabla hajaanza, arudi nyumbani, hapo hapana kazi.

Kuhusu kifungo. Mtoto ana miaka 20, saini ni yake mwenyewe, yako haitakiwi, angekuwa chini ya 18 ndio ungeitwa. Wewe kaa naye tu muusome mkataba wote kabla hajatia kalamu, hata kama Kizungu chake kigumu, sentensi moja moja. Anavyosema kakako kwamba mkataba unamfunga, ni kweli kidogo, ila unawafunga wote wawili, na hilo la pili hakulitaja. Sheria ya Ajira ya 2007 ikitaja mfanyakazi inamhesabu na mwanagenzi ndani yake, kwa hivyo mshahara wake si chai ya hiari, likizo anayo, na kazi ya miezi mitatu kwenda mbele lazima iandikwe. Sheria ya fidia ya ajali kazini, ile WIBA, ya 2007 pia, nayo imemtaja mwanagenzi, mwajiri lazima awe na bima. Akianguka kwenye ngazi ya godauni kuna wa kumtibu. Akianguka kwenye ngazi ya mjomba ni wewe na karai lako.

Tafuteni kwenye zile kurasa: akitaka kuacha katikati anatoa notisi ya muda gani na anadaiwa nini, hasa pesa za darasa, wengine wanataka zirudishwe. Nani anamsimamia, jina na cheo chake. Mitihani inalipwa na nani. Na hili la mwisho mara nyingi halimo kwenye karatasi, kwa hivyo akaulize: je nitazungushwa? Maana kuna kampuni unaweza kukaa mwaka mzima unavuta kebo kwenye trei na hujagusa mota, hujagusa paneli, hujashika mashine ya kupima. Akijibiwa "tutaona", aandike jibu hilo na tarehe.

Ile mitihani ya NITA ni ya gredi, unaanza gredi ya tatu, ya pili, mpaka ya kwanza. Si pambo. Ukitazama ile amri ya serikali ya mshahara wa chini, fundi amepangwa kwa gredi hizo hizo, asiye na gredi mstari wake, wa tatu wake, wa pili wake, wa kwanza wake, na kila mstari una pesa zaidi, na Mombasa tuko kwenye safu ya miji inayolipa juu. Kwa hivyo kila mtihani atakaopita una bei.

Hesabu ya 40,000 ni nyepesi. 300 kwa siku, hata akifanya kazi siku 26 bila kukosa, ni 7,800. Hiyo 40,000 ni ya kakako, ni ya nyumba moja, na wewe unajua vizuri kuliko mimi nyumba ngapi amepata tangu Ramadhani.

Jirani mwambie ahsante. Pale Tudor ni pazuri, wazee wetu walianzia pale pakiitwa MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, ikaja kuwa Polytechnic, leo chuo kikuu, lakini diploma inataka C minus, na mwenye D plain anaanzia cheti cha kraft, cha ufundi, kwanza. Mlango haujafungwa, ataupitia akiwa na mshahara wake mfukoni, hana haja ya kuungoja kitandani.

Kuna jambo kijana wako alijue kabla hajaripoti, na hili mjomba hajamfunza kwa sababu nyumba nyingi za huku bado zina rangi za zamani: nyekundu ina moto, yaani stima, nyeusi haina, kijani ni ya athi, ile inayokwenda ardhini. Rangi mpya zimegeuka. Kahawia ndio ya moto, buluu ndio nyutro, ile isiyo na moto, athi kijani chenye mstari wa manjano. Akiingia kiwandani kwenye stima ya laini tatu, volti 415, atakuta zenye moto ni kahawia, nyeusi na kijivu. Umeona? Ile nyeusi aliyozoea kuishika bila wasiwasi Kisauni, kule ina moto. Na buluu kwenye laini tatu za zamani ilikuwa ya moto, sasa ni nyutro. Godauni moja linaweza kuwa na zote mbili, upande uliojengwa zamani na upande mpya. Asiamini rangi, apime.

Lakini nisikudanganye kwamba kwa mjomba hakupata kitu. Huko viwandani hawatamfunza kufukua ukuta wa matumbawe wa nyumba ya kizamani bila kuuporomosha wote. Hawatamfunza kwamba nyumba iliyotazamana na bahari Nyali soketi ya nje huiweki boksi la bati, chumvi inalila, shaba inaota kijani, skrubu zinashikana kutu mpaka zinavunjika kichwani, na baada ya miezi utaitwa kwamba stima inakatika katika. Hayo anayajua kakako kwa kuyaona, na kijana anayo tayari. Wenzake watano hawana. Mwambie kijana amwambie mjomba wake hivyo hivyo, kwa maneno yake.

Maana lazima aende kumuaga, binti yangu, na ndilo kosa alilofanya. Kwenda interviu kimya ndiko kulikouma, kuliko hiyo kazi. Mtu amekuonesha njia kisha asikie habari yako ikiwa ishaisha. Nendeni baada ya alasiri wakati amepumzika, mkute kwenye baraza lake, mchukulie kahawa na kashata, msimwite kwako. Wewe kaa kimya mwanzo. Kijana aanze, amwambie mjomba nilikosea kukuficha nisamehe, sijaja kuomba ruhusa, nimekuja kukuaga na kukuomba radhi. Mambo ya kidole siku hiyo yaache, na ya maji yaache kabisa. Na pesa usimpelekee, ukimhesabia karo aliyolipa utamvunja.

Mamako Kwale mpigie wewe baada ya hapo, si kabla. Akisikia kutoka kwako kwamba kijana alikwenda mwenyewe kuaga, la damu litajimaliza.

La goti ni la kweli na halitamalizwa na maneno. Fundi asiyepanda ngazi anahitaji miguu ya mtu, basi atafute kijana mwengine, wamejaa hapo Kisauni wanaangalia dari, na ampe zaidi ya 300. Wako anaweza kumsaidia Jumapili moja moja, ila kwanza atazame kama mkataba unamruhusu kufanya kazi nje, na iwe kwa sharti moja, meni swichi anazima yeye na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Na kakako mwenyewe, hili mwambie siku nyengine akiwa amepoa, mtihani wa gredi hautaki mtu awe amesoma chuo. Fundi aliyefanya kazi miaka 20 anaruhusiwa kwenda NITA akapimwa kwa anachokijua na akapewa karatasi yake. Atakataa mara ya kwanza, wote hukataa, wanaona haya kukaa chumba kimoja na watoto. Lakini mkono ule hauwezi kushindwa na gredi ya tatu, na karatasi hiyo ndio mwanzo wa kuelekea leseni, asimamie yeye, ngazi wapande wengine.

Huo mkataba ukiupata na kuna ukurasa hamkuuelewa, mpige picha, mfunike majina, mnitumie.

Na huyo mzee wa 3,000, In shaa Allah miaka si mingi mbele hamtamhitaji, saini itatoka humo humo ndani ya familia. Kijana mwambie mapema tu, hata nyumba ikiwa ni ya mjomba, hasaini mpaka aende mwenyewe, aifungue ile bodi aipime, na mjomba ndiye siku hiyo atakwenda kununua maji.

Ami